Kishikwambi hakiwaki, darasa halisomi: tutafute chanzo kabla ya kwenda kwa fundi

Ukifungua kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye shule nyingi za msingi za Dar es Salaam utakuta vishikwambi vimepangwa, na pembeni kuna rundo lenye karatasi iliyoandikwa "VIBOVU". Vingine ni vya walimu, vile vilivyotumika kwanza kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Vingine ni vya wanafunzi, vimeletwa na wazazi, na mfadhili, au na mradi uliokwisha muda wake. Kazi ya kusimamia TEHAMA shuleni imenifanya nichambue marundo ya namna hiyo mara nyingi, na ninachokikuta ni kilekile: vingi havijafa. Kilichoharibika ni waya, au utaratibu wa kuchaji, au tarehe, au mtu kasahau akaunti. Halafu kuna vile vizima kabisa ambavyo navyo vina tatizo, tena kubwa zaidi: vinawashwa, watoto wanagusa, kengele inagongwa, na hakuna aliyejifunza silabi mpya.

Nimepanga kwa dalili, kwa sababu mwalimu aliyesimama mbele ya darasa haoni chanzo, anaona dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua.

Kabla ya yote, fanya mambo mawili. Andika namba nyuma ya kila kishikwambi kwa maka peni, kisha uwe na daftari la kawaida lenye namba hizohizo: tarehe, dalili kama mwalimu alivyoieleza, na kilichofanyika. Bila daftari kila tatizo linaonekana jipya. Ukiwa nalo, baada ya wiki chache unagundua kwamba namba 7, 12 na 19 zinalalamikiwa kila Jumatatu, na zote zinachajiwa kwenye soketi moja. La pili, ukijaribu kurekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Chukua waya unaojua ni mzima kutoka kwenye kishikwambi kinachofanya kazi, uuweke kwenye kile kinachosumbua, chaja iache ileile. Ukibadilisha waya, chaja na soketi kwa pamoja, kitawaka na hutajua kimewaka kwa nini, na kesho utarudi palepale.

Hakiwaki kabisa, kioo cheusi

Dhana ya kwanza ya watu wengi ni kwamba kimeungua. Dhana yangu ya kwanza ni kwamba betri imeisha hadi chini kabisa. Kishikwambi kilichokaa kabatini likizo nzima ya Juni au Desemba kikiwa na chaji kidogo hufika mahali ambapo hata alama ya kuchaji haitokei ukikichomeka. Mtu anachomeka, anasubiri dakika mbili, haoni kitu, anakitupa kwenye rundo. Kiache kwenye chaja nzuri kwa nusu saa mpaka saa nzima bila kukigusa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 20 hadi 30, kwa sababu kuna vingine havijazima ila vimeganda kioo kikiwa cheusi, na kushikilia kitufe huko ndiko kunakovilazimisha kuanza upya.

Kama bado, chukua tochi ya simu uangalie ndani ya tundu la chaji. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya vishikwambi vya darasani kuliko mahali pengine popote. Mtoto anaweka kishikwambi kwenye dawati lenye vumbi la chaki, au anakibeba kwenye mkoba wenye makombo ya andazi. Vumbi linaingia tunduni pamoja na nyuzi za nguo, na kila mara mtu anapochomeka waya, analishindilia ndani. Baada ya miezi linakuwa kitako kigumu cha kijivu. Waya unaingia lakini haufiki mwisho: ukiutikisa unacheza, alama ya chaji inakuja na kutoka. Zima kishikwambi, chukua kijiti cha meno cha mbao, chokoa taratibu pembeni mwa tundu bila kukandamiza vile vyuma vidogo vya katikati. Usitumie pini wala sindano, chuma kitapiga shoti. Utashangaa kitakachotoka, na utashangaa zaidi waya unapoingia na kulia "tik" kama siku ya kwanza.

Tundu likiwa safi na waya mzima bado unacheza, basi tundu lenyewe limelegea, na hiyo ni kazi ya fundi. Si kazi kubwa wala ya gharama ya kutisha.

Kimelala kwenye chaji usiku kucha, asubuhi kina asilimia 30

Anza na swali ambalo halimhusu fundi: usiku umeme ulikuwepo? Wakati mwingine LUKU iliisha saa mbili usiku na ikaongezwa asubuhi na mapema kabla ya wewe kufika. Shule nyingine zina utaratibu wa mlinzi kuzima swichi kubwa jioni, na ni utaratibu mzuri kwa usalama, ila hakuna aliyemwambia kwamba kuna vishikwambi vinachaji. Muulize mlinzi kwa heshima, atakueleza ukweli kuliko kifaa chochote.

Kama umeme ulikuwepo, angalia maandishi madogo kwenye chaja. Chaja yenye matundu kumi iliyoandikwa wati 60 inakipa kila kishikwambi wati 6 tu vikichomekwa vyote kumi. Hizo zinatosha kwa usiku mmoja. Lakini tundu la kompyuta ya zamani linatoa wati 2.5, na kishikwambi kikiwa kimewashwa kioo, wati hizo zinaliwa zote na betri haipandi. Waya nao una mchango: nyaya nyembamba za bei ya chini zinapoteza umeme njiani, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana mara mbili kwa kasi. Zijaribu zote kwenye kishikwambi kimoja, nusu saa kila mmoja, na zile dhaifu uzitoe kabisa kwenye kabati. Ukizibakiza "kwa dharura" zitarudi kwenye mzunguko wiki hiyohiyo.

Kuna hofu moja ninaisikia kwenye vikao vya kamati ya shule, kwamba vishikwambi vitamaliza umeme. Tupige hesabu. Betri ya mAh 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Vishikwambi 40 kutoka sifuri hadi kujaa, pamoja na upotevu kwenye chaja, vinakula uniti moja hivi. Hiyo haifiki nauli ya mtu mzima kwenye daladala. Mzigo wenyewe kwa soketi ni mdogo: plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13 inabeba karibu wati 3,000, na vishikwambi 40 vikichaji kwa wati 10 kila kimoja ni wati 400. Kinachounguza ni ekstensheni hafifu iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, yenye mashimo yaliyolegea. Weka mkono juu ya plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, chomoa, na usiirudishe hata kama "inafanya kazi".

Chaji inaisha haraka, au mgongo umevimba

Betri ya lithiamu huchakaa. Baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500 huwa imepungua uwezo, na vishikwambi vilivyoanza kazi mwaka 2022 vimeshafika huko au vinakaribia. Lakini Dar es Salaam tunaiua mapema kwa joto. Kabati la chuma chini ya mabati bila dari, mwezi wa Februari, ni mahali pabaya pa kuweka betri iliyojaa asilimia 100. Hamishia kabati upande usiopigwa na jua la mchana, acha nafasi kati ya kishikwambi na kishikwambi, na vikiwa kwenye chaji usivipange kimoja juu ya kingine. Vikienda likizo vipeleke na asilimia 50 hivi, vimezimwa kabisa, na mtu mmoja apewe jukumu la kuviangalia katikati ya likizo.

Mgongo ukianza kuinuka, au kioo kikiachana na ukingo wake, hilo ni jambo la usalama wa watoto. Kizime, usikichaji tena, usikibonyeze kirudi, usikitoboe. Kiweke peke yake mahali pasipoweza kushika moto, kama kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na darasa, mpaka fundi aitoe betri. Mwalimu akikwambia "bado kinawaka vizuri", mwambie hapana.

Tachi inaruka yenyewe, au haisikii

Chomoa chaja. Tachi ikitulia, kosa ni la chaja: chaja duni huingiza mtetemo wa umeme kwenye kioo, na kioo kinaona vidole visivyokuwepo. Ni rahisi kulithibitisha kwa kuchomeka chaja nyingine.

Isipotulia, futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwa sababu chaki, jasho na mafuta ya karanga vinatosha kuvuruga. Toa protekta iliyopasuka. Kisha mtazame mtoto anavyokishika. Watoto wa darasa la kwanza wana mikono midogo na kishikwambi kwao ni kizito, kwa hiyo dole gumba la mkono wa kushoto linapanda juu ya kioo pembeni na kubaki pale. Kishikwambi kinahesabu dole gumba hilo kama mguso, na kidole cha kulia kikigusa jibu hakisikilizwi. Mtoto anagusa tena kwa nguvu, halafu kwa ukucha, halafu analia kwamba chake kibovu. Kilaze juu ya dawati. Tatizo linaisha hapohapo.

Kizito, kinaganda, programu zinajifunga

Fungua Mipangilio, nenda kwenye hifadhi. Kishikwambi cha GB 16 kinaliwa sehemu kubwa na mfumo wenyewe, na nafasi ikikaribia kuisha kila kitu kinakuwa kizito. Kwenye vishikwambi vya walimu wahusika wakuu ni picha na video za makundi ya WhatsApp. Futa hizo kabla hujagusa programu ya masomo. Kwenye vya wanafunzi, ni kamera. Watoto wanapenda kujipiga picha, na hakuna ubaya, ila video za dakika kumi za dari ya darasa zinajaza nafasi. Zima masasisho ya programu yanayojifanya yenyewe, uyafanye wewe mara moja kwa muhula ukiwa na intaneti nzuri. Na vizimwe na kuwashwa upya angalau mara moja kwa wiki. Vingi huwa havijazimwa tangu muhula uanze, vimefunikwa tu.

Programu inakataa kufunguka, au inasema mtandao si salama

Angalia tarehe. Ndiyo, tarehe. Betri ikiisha kabisa, kishikwambi kisicho na laini wala intaneti kinaamka kikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Kivinjari na programu nyingi hukagua vyeti vya usalama vya tovuti kwa kulinganisha na tarehe ya kifaa, kwa hiyo kifaa kinachodhani ni mwaka 2018 kinakataliwa kila kinapogonga. Nimeona walimu wakinunua bando jipya wakidhani ni mtandao, wakati dawa ilikuwa kwenye Mipangilio, tarehe na saa, sekunde kumi tu. Maendeleo ya wanafunzi nayo yanarekodiwa kwa tarehe hiyo mbovu, na ripoti ya mwisho wa muhula inakuwa haieleweki.

Kimoja kinaingia waifai, vyote vikiingia inakufa

Kifaa cha mifi (kile kiruta kidogo cha mkononi kinachotumia laini ya simu) au simu ya mwalimu haikutengenezwa kuhudumia darasa. Mifi nyingi zinakubali vifaa 10 hadi 32, na hata vikikubaliwa vyote vinagawana bando lilelile na kasi ileile. Ruta ya nyumbani itaonyesha alama ya waifai kwenye vishikwambi vyote 40 huku nusu yake haipati chochote. Mwalimu anasema "mtandao wa leo mbaya". Mtandao hauna kosa. Mlango ni mdogo.

Jawabu langu kwa shule ya msingi ni kuacha kutegemea intaneti wakati wa kipindi. Hilo linawezekana, na lilishafanyika hapa nchini kwa ukubwa. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mkoani Tanga, vijiji karibu 170 vilipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE lililofanyika kwa ushirikiano na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kwenda shule. Vijijini kuliwekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, na programu hazikuhitaji intaneti kila siku. Washindi wawili waliotangazwa mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, walifanya kazi katika mazingira magumu kuliko ya Mbagala au Gongo la Mboto.

Shuleni unaweza kupata matokeo hayo kwa njia mbili. Kwanza, programu na video zinakiliwa ndani ya vishikwambi siku ya Ijumaa mchana kwenye sehemu yenye intaneti ya uhakika, halafu kipindi kinafanyika bila mtandao. Pili, kama shule ina kompyuta moja nzima, weka Kolibri: ni programu ya bure inayohifadhi masomo kwenye kompyuta hiyo na kuyagawa kwa vishikwambi kupitia waifai ya ndani, bila bando. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania iachie maandalizi ya mwalimu, nyumbani au ofisini. Usiipe darasa zima kwa mkupuo.

Kinaomba akaunti ambayo hakuna anayeijua

Hii ndiyo inayojaza rundo la "VIBOVU" kuliko zote, na inaletwa na haraka ya kufomati. Kuanzia Android 5.1 ya mwaka 2015, kishikwambi kilichofutwa kwa nguvu kupitia vitufe kinaomba akaunti ya Google iliyokuwemo kabla. Ni kinga dhidi ya wizi. Mwizi anakwama, na mwalimu aliyefomati kwa sababu kilikuwa kizito naye anakwama hivyohivyo.

Mtafute aliyekiwasha mara ya kwanza: mwalimu aliyehamishwa, ofisa wa mradi, mtu wa wilaya. Mpigie. Mara nyingi anaikumbuka akaunti, au anaweza kuirejesha kwa namba yake ya simu. Kama kilinunuliwa, risiti ndiyo inayokuthibitisha kwamba ni mali ya shule unapoomba msaada kwa muuzaji au mtengenezaji. Kwa siku zijazo, tumieni akaunti moja ya shule isiyo ya mtu binafsi, nywila ikae kwa mwalimu mkuu kwenye bahasha, na kabla ya kufuta kifaa chochote, ondoa akaunti kwanza kwenye Mipangilio.

Kinabadilisha maneno ya Kiswahili

Mtoto anaandika "kuku", kinampa neno la Kiingereza. Kibodi iko kwenye lugha nyingine. Ongeza Kiswahili kwenye mipangilio ya kibodi na uzime kusahihisha kiotomatiki. Kwa mtoto anayejifunza tahajia, ni bora akosee mwenyewe na mwalimu amsahihishe.

Makelele, kila kishikwambi kinasema lake

Hedifoni ishirini ni ndoto kwa shule nyingi, na zikija zinakatika ndani ya muhula. Punguza sauti zote hadi theluthi kabla ya kugawa, watenganishe watoto kwa dawati moja tupu kati ya makundi, na masomo ya kusikiliza yafanyeni wote pamoja kwa spika moja. Kutoka nje chini ya mti kunasaidia sauti lakini kunaharibu kuona, mwanga wa mchana unafuta kioo na mtoto anaongeza mwanga hadi mwisho, chaji inakwenda.

Vimewashwa vyote, lakini watoto hawajifunzi

Hapa ndipo ninapotaka mwalimu mwenzangu utulie, kwa sababu hakuna fundi wa dalili hizi zaidi ya wewe.

Dalili ya kwanza: kipindi kinaisha kwenye kugawa. Dakika 40 zinaanza, mwalimu anaita majina, watoto wanagombania chenye kava la bluu, mmoja hana chaji, na kazi inaanza zimebaki dakika 15. Chanzo ni kwamba vishikwambi vinagawiwa kwa watu. Vigawe kwa madawati: namba ya kishikwambi iwe ndiyo namba ya dawati, imeandikwa kwa chaki ubavuni. Viranja wawili wavipange wakati wa mapumziko, kifaa kikiwa kimelazwa kifudifudi, na hakuna kukigeuza mpaka mwalimu aseme.

Dalili ya pili: mmoja anagusa, wengine wanatazama. Pita nyuma ya madawati, si mbele. Mbele utaona vichwa vimeinama na utadhani wote wanasoma. Nyuma utaona mkono mmoja kwenye kioo, mara nyingi wa mtoto ambaye nyumbani kuna simu kubwa, na yule wa pembeni kabisa anachora kwenye vumbi la dawati. Darasa la watoto 90 lenye vishikwambi 20 haliwezi kukaa wote kwa pamoja kwenye kioo. Utapata wanne au watano kwa kimoja. Ligawe. Nusu, watoto 45, wakae kwenye vishikwambi wawili wawili na makundi machache ya watatu, nusu nyingine ifanye kazi ya daftari kwa mada ileile, kisha wabadilishane katikati ya kipindi. Ndani ya kila kundi weka kanuni: anayegusa hasemi jibu, anayesema hagusi. Yule aliyezoea simu analazimika kusikiliza, na yule wa pembeni analazimika kusema.

Dalili ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inajificha nyuma ya sifa. Mtoto ana nyota zote kwenye programu, mzazi ameonyeshwa, kafurahi. Unamwandikia neno hilohilo ubaoni, "embe", anakutazama. Alichojifunza ni mahali pa kugusa. Swali lenye majibu manne linampa anayebahatisha nafasi moja kati ya nne, na programu ikimruhusu kurudia mpaka apate, atafika mwisho na nyota zote bila kusoma herufi moja. Wengine wanaitambua picha: wanajua penye picha ya njano ndipo pa kugusa.

Jaribio lake ni jepesi. Chukua maneno matano kutoka kwenye zoezi alilolimaliza, yaandike kwenye kipande cha boksi bila picha, kwa mpangilio tofauti, na umwite akusomee taratibu pembeni, wenzake wasimsikie. Akisoma manne au matano, nyota ni za kweli. Akisoma moja, mrudishe nyuma kwenye silabi, na usimwambie amefeli, yeye amefanya alichoruhusiwa kufanya. Marekebisho kwa darasa zima ni kanuni moja: jibu linaandikwa kwenye daftari kwanza, ndipo kidole kinaenda kwenye kioo. Kasi itapungua sana. Programu itaonyesha wamefanya maswali sita badala ya thelathini, na mtu wa mradi anaweza kukuuliza kwa nini. Mwonyeshe madaftari.

Dalili ya nne, mtoto anayekataa. Anasema kichwa kinauma, au anasogeza kioo karibu na uso mpaka pua inakaribia kugusa. Usidhani ni mvivu. Kaa naye kwenye dawati la nyuma umuulize anaona nini ubaoni. Kishikwambi wakati mwingine ndicho kinachomfichua mtoto mwenye tatizo la macho ambaye alikuwa ananakili kwa jirani mwaka mzima. Ongeza ukubwa wa maandishi kwa sasa, na umwite mzazi.

Kimepotea

Kabla hakijapotea, andika namba ya utambulisho ya kila kimoja. Vyenye sehemu ya laini vina IMEI: piga *#06#, au iangalie kwenye Mipangilio sehemu ya maelezo ya kifaa. Vya waifai pekee havina IMEI, andika namba ya mfululizo (serial number) iliyoko hapohapo. Kikipotea, RB ya polisi siku hiyohiyo. Kama kilikuwa na picha au majina ya watoto, mwalimu mkuu ajulishwe mara moja, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa taarifa hizo pia. Ndiyo maana picha za wanafunzi hazipaswi kulala kwenye vishikwambi wiki nzima.

Ukifika kwa fundi

Umeshapita yote hapo juu na bado? Haya, Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma, au fundi wa jirani unayemwamini. Toa laini na kadi ya memori. Mwandikie dalili kwenye karatasi na uliyokwisha kujaribu, la sivyo ataanza na kufomati, na utarudi kwenye shida ya akaunti. Mpe bei ya mwisho ambayo hapaswi kuivuka bila kukupigia simu. Kubadilisha kioo cha kishikwambi cha bei ndogo kunaweza kukaribia bei ya kingine, na hapo ni bora vipuri vyake viokoe viwili vingine. Omba kirudishwe kipuri cha zamani. Kabla hujalipa, kijaribu palepale: kichaji, gusa pembe zote nne za kioo, washa spika, unganisha waifai. Na kikibadilishwa betri, siku za mwanzo kichaji peke yake mezani, mchana, mtu akiwepo ofisini.